Nepi Sita za Bibi Veridiana

Ukifika Chilangala ukauliza nyumba ya Veridiana, watakuzungusha. Veridiana yupi, yule wa kwaya au mama yake Alfredi? Lakini uliza nyumba ya Bibi Umekunywanini, hata mtoto wa darasa la kwanza atakupeleka mpaka mlangoni. Ndiye huyo huyo mama yake Alfredi, mama mkwe wangu. Jina hilo hakupewa na padri. Kalipata kwa sababu akimwona mwanamke ana mtoto mchanga, kabla hajaitikia hata shikamoo yake anamwuliza, "Umekunywa nini leo?" Na anataka jibu lote, si nusu.

Watu wanacheka. Mimi nacheka pia, ila kidogo, maana jina hilo limetoka kwangu, na kwa mwanangu Ursula, na wiki moja ya mwezi wa kumi na moja mwaka 1992. Ile wiki jamani! Mpaka leo nikiikumbuka nashika kifua.

Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, alizaliwa huku huku juu uwandani. Shule alikwenda miaka miwili tu, akatolewa akalee wadogo zake. Akaolewa, akazaa saba, akazika watatu. Wakati wa vijiji vya ujamaa walipohamishwa, aliiacha nyumba yake lakini mikorosho yake hakuiacha. Kila alfajiri anatembea kuifuata, kila jioni anarudi, miaka na miaka. Mume alipofariki watu walidhani ataiuza. Thubutu! Aliipalilia mwenyewe, akaiokota mwenyewe, na kwa korosho hizo akamsomesha Alfredi mpaka darasa la saba.

Ila mambo yote hayo ukimwuliza atakuambia hayakuwa kazi. Kazi ilikuwa maji. Huku juu ardhi ni nzuri, mikorosho inakubali, mihogo inakubali, lakini maji yako chini kabisa bondeni. Unateremka na ndoo kichwani asubuhi, unapanda nayo jua likiwa kali, na ukijikwaa kwenye ule mteremko umepoteza siku nzima. Mama alifanya hivyo miaka arobaini. Bomba lilipoletwa alilipokea kwa vigelegele, na lilipoanza kukauka mara kwa mara akarudi bondeni bila kusema neno.

Mimi sasa ni mtu wa Lukuledi. Kwetu kuna mto, na misheni ina kisima. Siku ya kwanza kuamka kama mke wa Alfredi nilichota kata nzima ya maji nikanawa uso, yaliyobaki nikamwaga uani, shwaa! Mama alikuwa mlangoni. Akayaangalia yale maji yanavyonywewa na mchanga, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Mwanangu Evelina, umekuja kunimaliza." Tangu siku hiyo nikajifunza kunawa kwa kiganja.

Basi nikapata mimba. Kwa mila zetu za kusini mtoto wa kwanza unajifungulia kwa mama yako, lakini mama yangu mzazi alishafariki. Kwa hiyo nikabaki Chilangala, na Mama Veridiana akanilea mimba ile kama ya bintiye. Ursula akazaliwa salama, mwishoni mwa mwezi wa kumi, msimu wa korosho umepamba moto na bomba lina wiki ya tano halitoi hata tone.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, kwenye nepi. Nepi zetu zilikuwa vipande vya kanga kuukuu, na yule mtoto alikuwa anakojoa, we! Ukimfunga kavu, hujageuka, kalowanisha. Saba, nane kwa siku. Na kila nepi inataka maji, na maji yanatoka bondeni kichwani kwa Mama, mimi niko ndani sijamaliza arobaini. "Huyu mjukuu wangu," anasema huku akiitua ndoo, "ana mto wa Lukuledi tumboni." Siku nyingine alisema kwa mzaha, siku nyingine alisema kwa hasira kabisa, na mimi nikanuna ndani peke yangu.

Halafu Ursula akawa analia jioni. Kila jua likianza kushuka, analia mpaka anageuka rangi. Ananyonya, anaacha, analia. Wageni wakaanza. Unawajua wageni wa mzazi: anaingia, anakaa, anamwangalia mtoto, anaangalia kifua chako, halafu anatikisa kichwa. "Maziwa hayamtoshi huyu." Akaja mwingine, hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa wifi yangu Fatu, yeye ndiye alinimaliza. "Wifi, mbona kifua chako kimelala? Utamwua mtoto wa kaka yangu kwa njaa." Alipoondoka nililia kuliko mtoto.

Mama aliyasikia yote hayo. Yeye ni mtu wa vitendo. Kesho yake alfajiri alikwenda porini, akarudi na mizizi mitatu, ile minene yenye maganda mekundu. Jina lake silitaji. Nikilitaja leo, kesho kuna mtu atabeba jembe akaichimbe. Alifundishwa na shangazi yake: mizizi mitatu kwenye mtungi mzima wa maji, unachemsha, mzazi anapewa kikombe kimoja asubuhi, na mtungi ule ule unamtosha wiki. Alikunywa yeye, wakanywa dada zake, wote walinyonyesha na hakuna aliyedhurika.

Lakini mtungi mzima mwezi wa kumi na moja ungetoka wapi? Ndani mna ndoo moja, na humo humo upike, mtoto aogeshwe, nepi zifuliwe. Mama akachukua sufuria ndogo, akatia maji ya vikombe viwili, akaweka mizizi yote mitatu kama alivyofundishwa. Maji yakatoka meusi, mazito. Akanichanganyia kwenye uji wa mtama, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kesho yake akachimba mingine mitatu, akachemsha vile vile. Nilikunywa nimeziba pua. Nikamwambia, "Asante Mama," na nilimaanisha.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo pana aibu yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vilivyokuwa haviji vikawa vinakuja: sabuni za kila rangi, mitumba, magari ya watu binafsi yananunua korosho mpaka vijijini. Na wachuuzi. Kulikuwa na mmoja anaitwa Jonathan, kijana wa mikoa ya kaskazini, anapita na baiskeli na sanduku nyuma. Siku ile ile ya mizizi, Mama akiwa bondeni, Jonathan akapiga hodi. Anauza chupa. Dawa ya maji, rangi ya kahawia, na juu yake picha ya mtoto amenenepa mpaka shingo haionekani. Maandishi yalikuwa ya nje, sijui ya nchi gani. "Mama, hii ni ya majani matupu," akaniambia. "Haina kemikali. Kijiko kimoja mara tatu, maziwa yatamwagika yenyewe."

Ya majani matupu. Nikajiambia basi haina neno. Nikanunua.

Kwa nini sikumwambia Mama? Nilimwonea haya. Ningemwambiaje mtu aliyekwenda porini alfajiri kwa ajili yangu kwamba sikuridhika na mizizi yake, nimenunua ya chupa? Angeona namdharau. Nikaificha chupa kwenye sanduku, chini ya kanga. Akitoka, nafungua, kijiko. Ilikuwa tamu. Siku ya pili nikapandisha mwenyewe, vijiko viwili viwili, nipate haraka.

Hayo yalianza Jumatatu. Jumatano jioni jua likashuka na Ursula hakulia.

Jamani tulifurahi! Tulikaa tunamwangalia amelala tuli. Mama akaniangalia kwa fahari, nikajua anawaza mizizi yake, na mimi namwangalia kwa unyenyekevu huku nawaza chupa yangu. Alfredi alirudi kutoka kuokota korosho, akauliza, "Leo kuna nini, mbona kimya?" Mama akamjibu, "Ameshiba." Tukala chakula kwa raha.

Alhamisi alfajiri akawa bado amelala. Nikamweka kwenye ziwa, akanyonya mara mbili, mdomo ukaachia. Nikamfinya kisigino, akafumbua macho, akayafumba. Na kifua changu kilikuwa kimejaa mpaka kinauma. Nikasema, kumbe maziwa sasa ni mengi, ameshiba ya jana. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema.

Mama aliamka akatoka uani achukue nepi za kufua. Nikamsikia anacheka. "Leo Mungu katuonea huruma, hakuna cha kufua!" Akaingia ndani bado anatabasamu, akakaa. Halafu tabasamu likaisha. Akanyanyuka, akatoka tena uani, nikasikia anazishika zile nepi kwenye kamba, moja moja. Zilikuwa zile zile alizoanika jana yake asubuhi. Akarudi, akainama, akaingiza mkono chini ya mtoto.

"Evelina. Huyu mtoto mara ya mwisho kukojoa lini?"

Nikafikiri. Sikukumbuka. "Jana asubuhi, nadhani."

Akampapasa kichwa, hapa utosini panapodunda. Palikuwa pamebonyea. Mama yule ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia. Alikimbia kichwa wazi mpaka barabarani, na lori la wanunuzi wa korosho lilipokuja, limejaa magunia linakwenda Newala, alisimama katikati ya njia akanyoosha mikono. Utingo akamtukana. Dereva akashuka, akasikia, akanipakia mimi na mtoto mbele. Mama na Alfredi wakapanda juu ya magunia.

Hospitalini tulipokelewa na nesi mmoja anaitwa Shakila, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Hakutuuliza majina. Alimchukua mtoto, akamvua, akamgusa mdomo, akamwita daktari. Daktari Lucian alikuwa mwembamba, mpole, anaongea chini chini. Alimpima, akasema wamtie dripu ya maji haraka. Wakati wanahangaika kutafuta mshipa kwenye mkono ule mdogo kama kijiti, Ursula hakulia. Sindano inaingia, halii. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu anaweza kufa.

Nesi Shakila akanigeukia. "Mama, umetumia nini? Dawa, mitishamba, vidonge, chochote. Kila kinachoingia mdomoni mwako kinaweza kupita kwenye maziwa. Sema."

Nikainamisha kichwa. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu. Ningemtajaje mama mkwe wangu mbele ya watu, wodi nzima inasikiliza?

Mama akasogea mbele. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa mizizi mitatu iliyochemshwa, bado ina unyevu, akaiweka juu ya meza ya nesi.

"Nimempa mimi," akasema. "Yeye hana kosa. Hii ni ya kuchemsha kwa mtungi mzima, kikombe kimoja kwa siku. Mimi maji sikuwa nayo. Nimeichemsha kwa vikombe viwili, na vyote viwili nikampa kwa siku moja. Siku tatu, kila siku mizizi mipya."

Alisema hivyo, wazi, sauti haitetemeki. Mimi hata sikuwa nimelifikiria hilo la maji. Yeye alikuwa amelifikiria juu ya magunia ya korosho, njia nzima.

Nesi Shakila alimfokea, tena alimfokea bila breki. Bibi mzima, una wajukuu, hujui kwamba dawa ni kipimo? Unamnywesha mzazi dawa ya wiki nzima kwa siku moja? Mama alisimama akaipokea yote. "Ndiyo," anasema. "Ndiyo, mwanangu. Ni kweli."

Daktari Lucian akaniuliza mimi taratibu, "Na kingine? Hakuna kingine ulichotumia?"

Chupa ilikuwa ndani ya furushi langu, miguuni. Nilikuja nayo kwa kuogopa Fatu asije akapekua sanduku. Ilikuwa hapo hapo, karibu inagusa kisigino changu.

Nikasema, "Hakuna."

Hakuna! Mwanangu ana sindano mkononi na mimi nasema hakuna. Nilimwacha yule mama abebe peke yake mzigo wa watu wawili. Nimeshakwenda kuungama kwa dhambi hii zaidi ya mara moja na padri amechoka kunisikia.

Alfredi akatoka na mama yake wakaenda barazani. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumwinulia mama yake sauti, anasema, "Mama, mtoto huyu akifa, usikanyage tena kwangu." Nikangoja Mama amjibu. Ana mdomo, Mama, anaweza kumjibu mtu akatafuta pa kujificha. Nikachungulia. Amekaa chini, ameshika zile nepi kavu alizokuja nazo, anazikunja, anazikunjua, machozi yanamtoka na hayafuti.

Ah, nikashindwa. Nikalivuta furushi, nikatoa chupa, nikamfuata daktari.

"Daktari, nimesema uongo. Na hii nilikunywa. Siku zile zile tatu. Mama hajui. Hakuna anayejua."

Daktari Lucian aliipokea, akaigeuza, akaifungua, akainusa. Akasogea nayo dirishani akatafuta maandishi pande zote. Nesi Shakila alinitazama, nikangoja na mimi nifokewe. Hakufoka. Hilo liliniuma zaidi.

"Hapa pana jina na picha," daktari akasema. "Kilichomo ndani hakikuandikwa. Kwa hiyo, mama, nitakuambia ukweli: sijui. Mizizi hii sijui ina nguvu gani. Chupa hii sijui ina nini. Vikikutana vyote viwili ndani yako, hapo ndipo sijui kabisa. Ila nimefurahi umesema, maana sasa najua cha kusimamisha."

"Aliniambia ni ya majani matupu," nikasema.

"Tumbaku nayo ni majani," Nesi Shakila akajibu.

Wakapanga hivi. Mizizi basi, chupa basi. Vidonge vya damu nilivyopewa kliniki niendelee navyo. Leo nikamue maziwa yote yamwagwe, na nikamue kila baada ya saa mbili tatu, nisipokamua yatakauka. Mtoto atapewa maziwa ya hospitali kwa kikombe na kijiko. Kesho akichangamka, arudi kwenye ziwa. Nikauliza kwa woga, si bora nimwachishe kabisa? Daktari akatikisa kichwa. "Umwachishe umpe nini? Maziwa ya kopo yanataka maji safi ya kutosha. Chilangala mna maji?"

Nilikwenda barazani nikapiga magoti mbele ya Mama. Nikamwonyesha chupa. Nikamweleza yote, la mchuuzi, la sanduku, la vijiko viwili viwili. Alfredi alisimama amekauka. Mama akaichukua ile chupa, akamwangalia yule mtoto mnene wa pichani kwa muda mrefu.

"Ni tamu?" akaniuliza.

"Tamu, Mama."

"Na mizizi yangu michungu."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa ungeniambia, si ningeacha kuchimba? Ule mlima wote!" Akafuta machozi kwa nepi. "Inuka, mwanangu. Utapata baridi kwenye magoti. Na wewe Alfredi, usisimame hapo kama nguzo, katafute uji, mkeo hajala."

Kumtaka radhi, Alfredi alimtaka radhi siku hiyo hiyo. Alipiga magoti mbele ya watu. Mama alimwambia tu anyanyuke asichafue suruali.

Ijumaa. Asubuhi ile niliihesabu kwa kukamua. Nakamua, namwaga, naumia kuyaona maziwa yangu yanakwenda. Nesi Shakila anapita, anamnywesha Ursula kijiko kimoja, kijiko kingine, anamfinya sikio amsumbue. Mara ya kwanza maziwa yalitoka pembeni ya mdomo. Mara ya pili akayameza mwenyewe. Mara ya tatu nikamwona anatoa ulimi kuyafuata.

Saa nne hivi mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, Mama akampakata. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, mtoto juu ya mapaja, hana nepi, kanga tu chini yake. Ile kanga ndiyo aliyokuwa amevaa Mama, hakuwa na nyingine. Mara Mama akashtuka, akaangalia chini.

"Evelina," akasema.

Nikajua amekufa. Nilivyosikia sauti ile, nilijua amekufa.

"Evelina, kakojoa."

"Eh?"

"Kakojoa! Kanikojolea! Nimelowa mpaka mapajani! Nesi! Nesi, njoo uone, mtoto kakojoa!"

Na vile alivyopiga kelele, Ursula akaamka. Alikunja uso, akafungua kinywa, akalia. Alilia kilio kile kile cha jioni, kile nilichonywea dawa ili kinyamaze. Wodi nzima ikapiga vigelegele, wanawake wenye watoto wao wagonjwa, na yule mama wa kitanda cha mwisho aliyekuwa hajaongea na mtu tangu tufike. Mama alinyanyuka na kanga yake imelowa, maji yanamchuruzika miguuni, anacheza. Nililia, nikacheka, nikaliacha ziwa linamwagika lenyewe kwenye gauni kwa kule kumsikia analia. Nesi Shakila alikuja kwa hatua kubwa kutunyamazisha, akaona, akageuka dirishani akajifuta macho akidhani hatumwoni.

Jioni akarudi ziwani. Alivuta kwa nguvu mpaka nikasema, "Taratibu, wewe!"

Kabla ya kuruhusiwa, Nesi Shakila alitukalisha chini. Akaniuliza, "Nani alikuambia maziwa yako hayatoshi?"

"Wageni. Kwa sababu alikuwa analia jioni."

"Watoto wengi wachanga wanalia jioni. Alikuwa anakojoa?"

Mama akadakia, "Alikuwa anakojoa mpaka nikamwita mto. Saba, nane kwa siku. Nimeteremka bondeni mpaka magoti yameisha."

Nesi akachukua kadi ya kliniki, akatuonyesha ule mstari wa uzito. Ulikuwa unapanda vizuri kabisa tangu azaliwe mpaka tulipoanza ujinga wetu. "Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi, na mstari wake unapanda, anashiba. Maziwa yalikuwepo siku zote. Mlikuwa mnayafua kila siku."

Tulitazamana, mimi na Mama. Yale tuliyogombania, kumbe ndiyo yalikuwa habari njema. Mama alishika kichwa.

"Sikatazi kila jani," Nesi Shakila akaendelea. "Kula kisamvu, kula viazi vya ming'oko, karanga, kunywa uji, kunywa maji. Lakini dawa ya mizizi, ya chupa, ya kidonge, hata kama mwenye kuuza anaapa, kabla hujainywa njoo nayo hapa, tuulizane. Tusipoijua, tutakuambia hatuijui. Na mkwe na mama mkwe, msifichane." Halafu akamgeukia Mama, sauti imeshuka. "Bibi, nilikufokea vibaya. Ungenyamaza, ningemfokea nani? Wengi wananyamaza."

"Mwanangu," Mama akamjibu, "mimi nimezika watatu. Sikuuliza walikunywa nini, wala mimi nilikunywa nini. Hakuna aliyeniuliza."

Nafikiri jina lake la Bibi Umekunywanini lilizaliwa pale pale, ingawa watu walianza kulitumia baadaye, walipozoea kumwona anashuka Newala na kikapu chake kila mwezi: ndani mna chupa ya fulani, magome ya fulani, unga wa fulani, anakwenda kumwonyesha Nesi Shakila. Jonathan mchuuzi akaacha kabisa kupita njia yetu, kwa sababu Mama alimsimamisha siku moja mbele ya watu akamwambia anywe chupa nzima yeye.

Lakini turudi Jumapili ile, siku tuliyorudi nyumbani. Ni siku ninayoipenda kuliko ya harusi yangu. Bomba lilikuwa bado kavu. Fatu alikuwa amekuja na majirani, na ndani kulikuwa na ndoo mbili tu, alizozichota Mama mwenyewe alfajiri ile, maana alitutangulia kurudi Jumamosi, na miguu yake ya miaka sitini na kitu. Ursula alikojoa njiani, akakojoa tulipofika, akakojoa mikononi mwa baba yake. Nikazikusanya zile nepi pembeni, nazisitiri kwa mazoea ya woga, nikasema, "Mama, nitazifua kesho. Maji ni ya kupikia."

"Lete hapa," akasema.

Akazichukua, akamimina ndoo nzima kwenye beseni. Nzima! Mimi nilifumba macho. Akafua kwa mikono yake, akasuuza kwa maji mengi kama mtu wa Lukuledi, maji machafu akayamwaga uani, shwaa. Ilipofika jioni zilikuwa zimeongezeka, akafua na hizo. Akazianika zote kwenye kamba ya mbele, upande wa barabarani, ambako hatuaniki hata nguo ya sikukuu. Wanawake waliokuwa wanatoka bondeni na ndoo zao walisimama kushangaa.

Ndani Ursula alikuwa ameanza kilio chake cha jioni. Wifi Fatu akatikisa kichwa, akafungua mdomo, "Huyu mtoto, maziwa..."

"Nyamaza wewe, nahesabu," Mama akamwambia. Akapita kwenye kamba, anagusa moja moja kwa kidole kilicholowa, mpaka ya mwisho. "Sita," akasema, akakaa chini mchangani chini ya nepi zake, zinamdondokea maji kichwani na yeye hasogei.